Kisehemu Nilichoongeza Kwenye Kila Kadi

Mkuyuni, Jumapili jioni

Koku mwanangu,

Nimepekua sanduku lako. Heri nianze na hilo, maana utakapolifungua utakuta nguo hazijakunjwa ulivyozikunja wewe, na utaanza kumshuku mtoto wa jirani bure. Ulipotoka saa tisa kwenda Mabatini kuwaaga wenzako, nilikuchungulia dirishani mpaka ukakata kona pale kwa fundi baiskeli, nikafunga mlango, nikalivuta sanduku uvunguni. Sikuwa natafuta barua za wavulana, ingawa nilipokuwa humo niliangalia na hizo. Nilikuwa natafuta barua ya Maduhu. Nimeikuta chini ya viatu, nimeisoma mara tatu, nimeirudisha mahali pake. Nitakuambia kilichomo, lakini kwanza nikueleze kwa nini mama yako, mtu mzima na mzee wa kanisa, ameketi sakafuni anasoma barua isiyo yake.

Mambo ya chandarua na kuchemsha maji tumeyamaliza tangu wiki iliyopita, siyarudii. Hili sijawahi kukuambia, na sasa muda umeniishia.

Kesho asubuhi unavuka ziwa kwa feri kwenda Kamanga, na gari la hospitali litakuchukua pale gatini. Utafanya kazi kwenye chumba cha kompyuta chini ya Maduhu, yule yule mjomba Maduhu aliyekuwa akija hapa kila Jumamosi kula ndizi na maharage na kukutania kwamba Wahaya mnaoga ndizi, mnalala ndizi. Alipoacha kuja ukaniuliza, nami nikakuambia amepata kazi ng'ambo ya ziwa. Ni kweli aliipata. Lakini aliitafuta kwa sababu hapa alifukuzwa, na aliyemfukuzisha ni mimi, kwa kosa lililokuwa langu. Sitaki uyasikie kwake kabla hujayasikia kwangu. Na naogopa, Koku. Naogopa kwamba ukishayajua hutaniangalia tena kama ulivyoniangalia leo mchana ukinikaangia dagaa.

Unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Sangara simnunui mpaka nimefunua mashavu. Muuza maziwa namwambia aonje yeye kwanza. Marehemu baba yako alikuwa akisema nikifika mbinguni nitamwomba Petro kitambulisho. Tulicheka, lakini usidhani nilikuwa hivyo kwa kupenda. Tulipoingia enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru, chama cha ushirika nilichokitumikia miaka kumi na mitano kilianza kuyumba, na wakubwa wakatukusanya uani wakasema hakuna atakayepunguzwa. Wenzangu walipiga makofi. Mimi niliyaangalia yale makofi nikajiuliza, mtu ambaye hana nia ya kukupunguza anakukusanyia nini? Siku ile ile nikaanza kujifunza kompyuta kwa mhasibu mmoja aliyekuwa nayo. Tulipunguzwa kabla ya msimu wa pamba. Waliopiga makofi walienda nyumbani, mimi nikaenda kiwanda cha minofu ya samaki. Kwa hiyo kushuku kwangu kumekusomesha, na siwezi kukuambia ni kitu kibaya tu.

Lakini kabla ya kiwanda nikuambie kwanza habari ya kijisanduku changu pale ushirika, maana bila hicho hutaelewa kosa langu.

Nilikuwa masjala, natunza kadi za wakulima. Makabati yalikuwa chumba cha nyuma, na mezani kwangu nilikuwa na kijisanduku cha mbao kilichoingia kadi kama mia mbili. Asubuhi natoa kabatini kadi za vijiji vinavyotarajiwa siku hiyo, nazipanga mezani. Mkulima akifika natoa mkono tu, kadi hii hapa. Ikiwa haimo kijisandukuni ndipo ninyanyuke niende chumba cha nyuma, nipande kiti, nitafute, nirudi. Kazi yangu yote ilitegemea kadi ziwe nyembamba na kijisanduku kiwe karibu. Siku moja meneja wetu akaingiwa na wasiwasi kwamba wakulima wanaazimana kadi. Akaagiza kila kadi ibanwe kipande cha karatasi chenye dole gumba la mwenyewe. Kipande chenyewe kidogo, hakizidi kiganja cha mtoto. Lakini kadi zikanenepa, kijisanduku kikameza nusu tu ya zile za mwanzo, na mimi nikawa mtu wa kwenda chumba cha nyuma na kurudi kutwa nzima. Foleni ilifika barabarani. Visigino vilinipasuka. Nilimlaani yule meneja kwa Kiswahili, nikirudi nyumbani nikamlaani kwa Kihaya. Na mwizi hatukumkamata hata mmoja.

Yaani hilo nililijua kwa miguu yangu mwenyewe. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Kiwandani tulikuwa na mashine moja kubwa ofisini, na nyaya zake zilikwenda kwenye skrini nne: mizani pale samaki wanaposhushwa, chumba cha baridi, ofisi, na sehemu ya lebo za maboksi. Tulioitunza tulikuwa wawili, mimi na Maduhu. Yeye ni mtu wa Magu, amenizidi akili za mikono nami nimemzidi miaka kumi, zamani alikuwa fundi redio. Kijana mmoja mgeni aliyekuja kufunga mitambo ya barafu alimwachia Maduhu fungu la disketi zenye mfumo wa kuendeshea kompyuta, mfumo wa bure, umekuja na maandishi yake yote wazi. Ukitaka kujua mashine inawaza nini unafungua unasoma, na ukitaka kubadili unabadili. Jumamosi mchana tukishamaliza kazi tulikaa pale tunausoma mstari kwa mstari, ndipo tunakuja hapa kula. Alikuwa akiniambia, "Mama Koku, wewe unasoma programu kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja." Nilikuwa nasoma hivyo kweli. Nilitaka nione wamenificha wapi.

Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo inaitwa kiini, nami ndiye niliyekirekebisha hapa na pale kifae mashine yetu. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu ya mashine: programu hii ikae hapa, ile ikae pale. Kumbukumbu yenyewe imekatwa vipande sawasawa vinavyoitwa kurasa, na kwa kila ukurasa kiini kinaweka kadi yake: ukurasa huu una mtu au hauna, wangapi wanautumia, umebadilishwa au bado. Mashine yetu ilikuwa na kurasa elfu nane na kidogo, na kadi ni hizo hizo elfu nane na kidogo. Nilipoliona jedwali lile kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nimetoka masjala, nimerudi masjala.

Na kijisanduku nacho kilikuwepo. Prosesa, ile inayofanya hesabu zote, ina kumbukumbu ndogo iliyo karibu nayo, wanaiita kache. Kilichomo kwenye kache kinafikiwa mara moja, kisichokuwemo kinafuatwa mbali, kwenye kumbukumbu kubwa, na wakati huo prosesa inakaa inasubiri kama mkulima wangu dirishani. Tena haichoti baiti moja moja, yaani herufi moja moja, inachota fungu la baiti thelathini na mbili kwa mkupuo. Waliotengeneza kiini kile hawakuwa wajinga, Koku. Kadi ya ukurasa waliibana ikawa baiti thelathini na mbili kamili, mchoto mmoja kwa kadi moja, na ukizipanga zote elfu nane zinakaribia kuenea kwenye kache ya mashine kama yetu. Maduhu ndiye aliyenionyesha hilo. Alipiga hesabu nyuma ya boksi la lebo, akafurahi kama aliyemkuta mtu wa kijijini kwao.

Sasa sikiliza nilivyoliharibu.

Zikaanza kupotea orodha za mizani. Si zote, zile za mwisho mwisho tu. Umeme unakatika, jenereta linawashwa, mashine inaamka, orodha za asubuhi zipo, za nusu saa ya mwisho hazipo. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nikaangalia zamu, nikakuta siku zote mbili aliyekuwepo ni Maduhu. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu anasubiri umeme ukatike ndipo afute, ili lawama iende kwa umeme. Ona jinsi nilivyokuwa mwerevu! Jibu lilikuwa mbele yangu, ni umeme wenyewe, maana mashine huwa inashikilia yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu kwa muda kabla haijayapeleka kwenye diski, na umeme ukikatika katikati yanapotea. Tulikuwa tumelisoma hilo pamoja, mimi na yeye. Lakini jibu lisilo na mtu ndani yake halikuniridhisha. Nilitaka mtu.

Nikakaa peke yangu na kiini, nikaongeza kisehemu kwenye kila kadi. Kisehemu cha kuandika nani ameuchukua ukurasa huu mwisho, na saa ngapi. Baiti nane tu, nikaona si kitu. Nilikuwa nabana dole gumba kwenye kadi za watu, Koku, mimi mwenyewe niliyepasuka visigino. Na wala sikukumbuka. Mtu akishashika cha kumkamatia mwenzake, kumbukumbu zake mwenyewe zinakuwa mbali kweli.

Sikumwambia Maduhu. Baada ya siku mbili tatu mashine ikaanza kuwa nzito. Si asubuhi kukiwa kimya, bali mitumbwi ikishafika na skrini zote nne zinafanya kazi. Kumbukumbu ilikuwa haitutoshi tangu zamani, kiini kilikuwa kikizipitia zile kadi mara kwa mara kutafuta ukurasa wa kuachia, na sasa kila kadi inataka michoto miwili badala ya mmoja, na kwenye kache hazikaribii tena kuenea. Mizani inasubiri. Sangara wanalala juani wakati skrini inafikiri. Akina mama wanaonunua mapanki, mifupa inayobaki ya sangara, pale getini walikuwa wakituuliza leo kuna msiba gani humo ndani.

Na mimi, badala ya kujiuliza nimegusa nini, nikasema: amejua namfuatilia, ameanza kuharibu. Nikafungua kisehemu changu kuangalia majina. Kurasa nyingi kuliko zote zilikuwa na jina la Maduhu, na nyingi zaidi saa zile mashine inapokuwa nzito. Niliyanakili majina kwenye karatasi kwa furaha, na hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote. Nilifurahi. Sikujiuliza kwamba kazi ya lebo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha, basi angeandikwa nani mwingine?

Alinijia wiki ile ile. Nakumbuka alikuwa amevaa buti za mpira, anatoka chumba cha baridi. Akavuta kiti.

"Mama Koku, ile kadi ya ukurasa umeigusa?"

"Kadi gani?"

"Ya kiini. Nimeipima leo. Naona imekuwa arobaini."

"Sijaigusa," nikasema.

Akaniangalia. Si kwa ukali, ni kama mtu anayekungoja umalize kumeza. "Basi haya," akasema. "Nilidhani labda uliongeza kitu. Ingekuwa ni hiyo inayotuchelewesha."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio haya. Alinipa jibu mkononi, na mimi nikaona mtego. Nikajiambia, anajuaje ukubwa wa kadi kama si mtu wa kuchokonoa? Kesho yake asubuhi nikaenda kwa meneja na karatasi yangu ya majina.

Walimwita mbele yangu. Meneja alimsomea, akamuuliza kama ana la kusema. Maduhu akasema, "Muulizeni Mama Koku. Yeye anaujua mtambo huu kuliko mimi." Nikadhani ananidhihaki mbele ya mkubwa. Nikasema, "Nimeshasema niliyonayo." Aliondoka siku ile ile na kikapu chake, na zile disketi akaniachia mezani, zimepangwa, kila moja na lebo kwa mwandiko wake. Ningekuwa na hata chembe ya akili ningejiuliza, mharibifu gani anakuachia dawa? Mimi nilizifungia kabatini nikiwaza ameweka nini humo.

Mashine haikupona. Na hapo tena nilikuwa na maelezo: ametuachia sumu. Miezi minne, Koku, namtafuta ndani ya mashine mtu ambaye hayupo. Kila ilipokuwa nzito nilimlaani. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, unakumbuka nilivyokuwa nikirudi nyumbani sisemi na mtu.

Halafu diski ikafa. Sikuwa na jinsi ila kuzitoa zile disketi, kuanza upya, kwa kiini kilivyokuja chenyewe. Nilikuwa nimedhamiria kukiongezea kisehemu changu baadaye, kikishatulia. Mitumbwi ikafika, skrini zote nne zikaanza kazi, na mizani ikawa haisubiri. Samaki anawekwa, namba inatokea. Kijana wa mizani akanipigia kelele kutoka dirishani, "Mama, leo umeipa nini?"

Nilijua pale pale. Lakini ni mimi, ilibidi nishuku hata hilo. Nikarudisha kisehemu, ikawa nzito. Nikakitoa, ikawa nyepesi. Nikarudia mara tatu, kisha nikaenda chooni kiwandani nikalia. Meneja akanipongeza mbele ya watu kwa kuiponya mashine aliyoiharibu Maduhu. Na nikanyamaza. Nikapandishwa cheo, nikanyamaza. Ndizi za Jumamosi nikaacha kupika, nikakuambia zimeadimika.

Sababu za kunyamaza nilizipata nyingi, mimi sikosi sababu. Una ada ya shule. Meneja atanifukuza. Maduhu ameshapata kazi, ya nini kufukua? Lakini ukweli ni mmoja, nilikuwa naona haya, na kadiri siku zilivyopita haya ikawa kubwa kuliko kosa.

Ulipoomba ile kazi uliyoiona kwenye ubao wa kanisa, na majibu yakaja yametiwa saini na Maduhu, nilikuona unaruka ukumbini. Mimi nikaenda kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka. Nikawaza, kwa nini amekuchukua? Waombaji walikuwa wengi. Amelijua jina, anajua wewe ni wa nani. Nikasema huyu anataka kunilipa kupitia mtoto. Atakufanyia nilivyomfanyia, atakuita mbele ya mkubwa, atakusomea karatasi. Wiki tatu hizi nimelala na hilo. Mara mbili nilikaribia kukukataza usiende, ukanikuta nimesimama mlangoni pako nikasema natafuta ndala.

Ndiyo maana leo nimelifungua sanduku. Nilitaka niukute ubaya wake umeandikwa, nipate cha kukushikia usiende.

Barua ni ukurasa mmoja, wewe unaijua. Amekuandikia uje na viatu vya kufunika vidole, na sweta kwa sababu chumba cha mashine kina baridi, na kwamba mama mmoja muuguzi amekutafutia chumba. Niliisoma nikitafuta penye mtego. Halafu nikafika chini kabisa, mstari ambao nadhani uliupita tu, au ulisahau kunipa: "Msalimie mama yako. Mwambie kiini alichokitengeneza kiwandani ndicho ninachotumia hapa mpaka leo, nilikuwa na nakala yake. Nimetoa kile kisehemu kimoja tu."

Basi alijua. Siku ile na buti zake za mpira alikuwa anajua, na nakala alikuwa nayo. Mbele ya meneja alikuwa na uwezo wa kufungua kinywa na kunimaliza, akasema waniulize mimi. Alikuwa ananipa nafasi, Koku. Ameendelea kunipa mpaka leo, kupitia salamu. Na mimi ningeipataje, kama nisingekuwa mwizi wa barua za mwanangu? Sijui nicheke au nilie, nimefanya vyote viwili.

Sikuambii umwamini kila mtu. Ukimwamini kila mtu ng'ambo huko watakuuzia hata maji ya ziwa. Kushuku hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba nilikaa na mtu miaka miwili mezani pangu, anakula chakula changu, na nilipomshuku sikumuuliza. Niliona rahisi kubadili kadi elfu nane kuliko kuuliza swali moja. Na yeye alipokuja kuniuliza mimi, kwa heshima, nilidanganya. Ukimshuku mtu, muulize. Akikudanganya utakuwa umejua. Na wewe ukiulizwa umegusa nini, sema ulichogusa, hata kama ni baiti nane.

Nilianza barua hii nikiwa na mpango. Nilitaka umpelekee maneno yangu ya kuomba radhi, umpe mkononi, halafu uniandikie uso wake ulikuwaje. Hata karatasi nyingine niliitenga, hii hapa, iko tupu. Sasa nimefika hapa nimeona nilichotaka kufanya. Nilitaka nikubandike kisehemu changu, uende nacho kazini kila siku, kila mkiangaliana na Maduhu kiwepo kati yenu. Kazi yako ya kwanza maishani ianze na mzigo wa mama. Sitafanya hivyo.

Unajua mimi na vyombo vya majini hatuaminiani. Tangu meli ile ilipozama tukazika watu wetu wa Bukoba sijakanyaga hata mtumbwi. Nyumbani naenda kwa basi, nazunguka ziwa lote, na wewe unanicheka. Tulikuwa tumekubaliana nitakusindikiza mpaka gatini na kukupungia mkono.

Nasikia geti linagongwa, utakuwa ni wewe. Nitakupa barua hii uisome chumbani kwako, peke yako. Ukimaliza, kama hutaki kusema na mimi leo, usiseme, nitaelewa. Lakini kesho asubuhi ukate tiketi mbili. Nakuja kumwambia mwenyewe.

Mama